Bunduki kwa kinga: kazi ya PAREC ingetufaa sisi wa Butembo na Beni?

Kila mara risasi zinalia usiku ku Butembo, na asubuhi tunasikia duka fulani limevunjwa, lazima mutu mumoja ataandika mu magrupu yetu: wazinunue hizi bunduki, kama pasta Mulunda alivyofanya kule Katanga. Watu wengi wanaunga mukono, halafu mazungumuzo yanaishia pale. Ndugu wasomi, mimi naona tusiache wazo hili lipite vile tu. Mradi ule ulifanyika kweli, na watu waligombana sana juu yake.

PAREC ni shirika la kikristo la kutafuta amani na mapatano. Kiongozi wake alikuwa Daniel Ngoy Mulunda, pasta wa Kimetodisti. Baada ya vita, miaka ya 2000, bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa Mayi-Mayi na mwa raia wa Katanga. PAREC ikawaambia: leta bunduki, chukua kinga. (Kinga, kwa ninyi muliosoma Kiswahili cha Dar es Salaam, ni baiskeli.)

Kuna wataalamu waliocheka. Waliona ni mambo ya watoto: silaha ya vita kwa chuma cha magurudumu mawili! Mimi nasema hapo njo palikuwa na akili kuliko fasi nyingine yote ya mradi. Mutu wa kijijini Katanga akiwa na kinga anabeba mahindi, anabeba makala, anafika sokoni, anarudi na chumvi na sabuni. Ni kama chukudu kwetu. Bunduki ilikuwa inamulisha. Sasa kinga inamulisha. PAREC ilielewa kwamba bunduki mukononi mwa kijana masikini ni chombo cha kazi, na huwezi kumunyanganya mutu chombo cha kazi kwa mahubiri peke yake, wala kwa atelye ya siku mbili hotelini na perdiem ya washiriki.

Halafu kinga ikageuka pesa. Kinshasa ilikuwa dola 100 kwa bunduki moja. Hapo ninawapa haki waliopinga. Pesa haina kazi ndani yake kama kinga. Inakwisha wiki moja, na mutu anabaki na njaa ileile na njia ileile ya kupata bunduki nyingine. Tena bunduki yenye bei inayojulikana imekuwa bidhaa. Mwenye mbili ataleta ile iliyooza na kuificha nzima. Na sisi tunajijua! Watu wetu wanafuata mali hadi Dubai na Guangzhou. Tangaza bei ya bunduki ku Butembo asubuhi, saa sita kuna mutu amekwisha kupiga hesabu ya usafiri kutoka ngambo ya Kasindi.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa siasa. Mulunda alihesabiwa kuwa mutu wa karibu na Kabila. Mwaka 2011 akawa prezida wa CENI, akaongoza uchaguzi wa Novemba ule uliopingwa nchi nzima. Mwaka 2013 nafasi yake ikachukuliwa na padri wetu wa jimbo la Butembo-Beni, Abbé Malu Malu, aliyekuwa rekta wa UCG. Na Januari 2021, tribinali ya Lubumbashi ikamuhukumu Mulunda miaka mitatu ya gereza kwa maneno ya kuchochea chuki. Haya yote hayafuti bunduki hata moja iliyokusanywa. Lakini yanatufundisha kuuliza mapema: nani anahesabu bunduki zilizoletwa? Zinalala wapi? Zinachomwa mbele ya nani? Shirika linalosimama karibu na wakubwa linapata askari wa kulilinda na magari ya kubeba silaha, ndiyo, lakini mutu wa upinzani hataleta yake. Na tusijisifu kwa sababu Malu Malu ni wetu: Programu Amani aliyoiongoza mwaka 2008 iliahidi mengi, na kabla ya mwaka kuisha vita na CNDP ilikuwa imewaka tena.

Kuna jambo PAREC haikufanya, nalo ni kupeleka watu kufa. Hilo lilifanyika ndani ya mpango wa serkali. Wapiganaji waliotoa silaha walipelekwa Kotakoli, mbali kule Équateur, pamoja na bibi zao na watoto. Mwaka 2014 Human Rights Watch ilitoa habari kwamba zaidi ya watu 100 walikufa kule kwa njaa na magonjwa. Habari kama ile inatembea haraka mu pori kuliko radio. P-DDRCS ilipoundwa Julai 2021, kijana wa Lubero alikuwa na sababu nzuri ya kuuliza: na mimi munanipeleka wapi?

Sasa Beni. Kinga inahitaji barabara. Tangu Oktoba 2014 ADF wanaua raia kuanzia Eringeti, Oicha, Mbau, hadi upande wa Kasindi, na wengi wamekatwa kwa panga na shoka. Umupe mukulima wa Mbau kinga, ataendesha kwenda shamba gani? Kule Katanga mradi ulianza vita vikiwa vinazimika. Kwetu vinawaka, na serkali yenyewe, tangu Novemba 2022, inaita vijana wajiunge kulinda inchi. Mwaka 2023 ikatolewa sheria ya reserve. Mukono wa kuume unasema toa silaha, wa kushoto unasema ingia kwa Wazalendo. Shirika lolote litakalokuja na kinga zake katikati ya mikono hiyo miwili litachekwa, hata likiwa la malaika.

Lakini sikubali wale wanaosema basi kila mutu abaki na bunduki yake. Mwizi anayepiga mlango wa mufanyabiashara ku Butembo saa saba ya usiku si ADF. Bunduki ya kijana anayelinda kijiji chake na bunduki ya bandi wa mjini ni mambo mawili, na tunayachanganya kila siku mu mabishano yetu. Ya kwanza itangoja usalama. Ya pili haina sababu ya kungoja. Sheria ya silaha iko tangu 1985, commission ya kitaifa ya silaha ndogondogo iko tangu 2008, na inchi yetu ilitia sahihi Protokole ya Nairobi ya 2004, inayodai kila bunduki iwe na alama na iandikwe.

Kwa hiyo kuliko kuomba PAREC nyingine, mimi ningependa wanasheria wa chama chetu wafanye kitu kidogo. Bandi wakikamatwa na kuonyeshwa hadharani, bunduki zimepangwa chini mbele ya maofisa, sisi wote tunapiga picha za nyuso. Mutu mumoja ainame asome namba iliyo kwenye chuma, halafu aandike barua kuuliza bunduki hiyo ilitoka ghala la nani.