Nukta ya Juu Kulia

Mzee mmoja wa Saadani, aliyewahi kuendesha mashine ya sinema Dar es Salaam, hatazami filamu ya Kihindi ya Mother India kama wenzake. Mjukuu amemwekea kwenye simu, mwigizaji Nargis analia, na yeye jicho liko kona ya juu kulia. Nakala nyingi za picha za zamani zimetokana na mikanda iliyokuwa ikizunguka kumbini, na alama za kazi hazikufutwa: kila baada ya dakika kama 20, nukta inachomoza pale na kupotea upesi. Wapo walioiona picha hiyo mara kumi bila kuiona nukta. Haikuwekwa kwa ajili yao.

Filamu hiyo ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, yenye urefu wa karibu saa tatu, haikufika ukumbini ikiwa kitu kimoja. Ilikuja kwenye makopo ya bati, mikanda ipatayo tisa, na chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili. Mkanda wa kwanza ukikaribia mwisho, wa pili ulikuwa umeshapitishwa kwenye meno ya mashine ya jirani. Nukta ya kwanza ikitokea, washa mota. Sekunde kama saba baadaye, ya pili: ziba mwanga huku, achia kule. Ukiwahi, umemkata stelingi maneno. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na miluzi inaanza. Ukipatia, hakuna anayejua kuwa upo.

Na katikati ya nukta hizo mikono haikukaa bure. Taa ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana, umeme ukiruka kati yake. Vinaungua, vinafupika, nafasi inapanuka. Visiposogezwa, picha inafifia. Chumba kile kilikuwa na joto la tanuri.

Lakini ninachokistahi zaidi ni kazi ya mchana, kabla milango haijafunguliwa. Picha za zamani zilirudi sana mwambao huu. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilirudishwa kumbini kwa miaka mingi, hata waliozaliwa baada yake wakaikuta. Na mkanda uliopita mashine nyingi huwa umechoka. Basi fundi aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, urefu wake wote, mkono wa pili ukizungusha. Kila picha ina matundu manne kila upande, na tundu lililochanika hukwaruza ngozi kabla jicho halijaliona. Hapo anakata, tena kwenye mstari unaotenganisha picha na picha, anakwangua utando mahali pa kuungia, anapaka gundi kidogo sana, anabana. Akikosea tundu moja, usiku miguu ya mtu itajitokeza juu ya kichwa chake, mpaka fundi aikimbilie mashine kuirekebisha.

Wakati mwingine nakala moja ililisha majumba mawili. Kopo lililomalizika huku lilikimbizwa kule kwa baiskeli, na baiskeli ikipata pancha, watu walisubiri.

Simu imetuondolea hayo yote, na sitajifanya nimeumia. Mvuvi wa Saadani anatazama anapotaka, anasimamisha akaangalie nyavu, anarudi na kuendelea. Hata katika majumba mapya ya Dar, picha inatoka kwenye diski na haikatiki. Mughal-e-Azam ya 1960 iliporudishwa kumbini mwaka 2004, ikiwa imetiwa rangi, ufundi mkubwa ulikuwa umeshafanyika kwenye kompyuta, mara moja kwa wote. Zamani picha ileile ilifanyiwa kazi upya kila usiku, na kila usiku ingeweza kuharibika mikononi mwa mtu mmoja.

Kumbini mtu huyo hakuonekana. Alionekana kijijini, gari la sinema lilipokuja na jenereta, shuka jeupe na mashine moja ya mkanda mwembamba wa milimita 16. Kwa kuwa mashine ni moja, mkanda ukiisha picha inasimama, taa inawashwa, na fundi anabadilisha mbele ya kila mtu. Watu wazima walipata nafasi ya kubishana juu ya walichokiona. Watoto waliizunguka mashine. Mzee wetu alikuwa mmojawapo, na anasema siku ya kwanza alifukuzwa kwa kuugusa mkanda na vidole vyenye mafuta ya samaki.