Swali Lisilo na Haraka

Viti viwili vya plastiki vimewekwa mshazari, visitazamane uso kwa uso. Meza imesukumwa ukutani, simu imezimwa na kutiwa kwenye droo. Kiti cha mtoto ndicho kilicho karibu na mlango, ili akitaka kutoka asilazimike kumpita mtu. Afisa ustawi wa jamii huyu wa Bunda hupanga chumba hivi kila mara, hata leo ambapo "mtoto" ni mfanyakazi mwenzake, mama mtu mzima, aliyekubali kuwa binti wa miaka tisa kwa ajili ya mazoezi ya kumhoji mtoto anayedhaniwa kufanyiwa ukatili. Mtoto wa kweli anapohojiwa mimi sikai humo ndani, wala sistahili kukaa. Niliruhusiwa kutazama mazoezi tu.

Anaanza na salamu. Shikamoo inaitikiwa marahaba, kisha yanakuja jina, darasa, rafiki anayeketi naye dawati moja, mchezo anaoupenda. Muda unapita na hakuna neno lililoandikwa. Baada ya hapo anaweka kanuni za mazungumzo, na hapa ufundi unaanza kuonekana. Malezi yetu mkoani Mara, nyumba iwe ya Wajita, Wazanaki, Wakurya au Waikizu, hayamzoeshi mtoto kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Mkubwa akiuliza, mtoto huitikia ndiyo kwa heshima. Ndiyo ya namna hiyo yaweza kumfunga asiye na hatia, na yaweza kumwachia mwenye hatia siku wakili atakapoanza kuichokonoa mahakamani. Kwa hiyo afisa anakosea kwa makusudi: "Basi mwanangu, wewe una miaka arobaini, sivyo?" Anangoja. "Mtoto" anacheka, anasema hapana, tisa. "Asante kwa kunisahihisha. Hapa ndivyo tunavyofanya. Nikikosea, niambie." Kisha anamuuliza jina la mbwa wa afisa mwenyewe, mbwa ambaye mtoto hajapata kumwona. Jibu analolitaka ni "sijui", na likitoka analipokea kwa uzito uleule.

Inafuata simulizi ya kunyoosha ulimi. "Nisimulie siku ya jana, tangu ulipoamka." Mtoto anasema alikwenda kuchota maji, akaenda shule, akarudi. Afisa hasemi kitu kwa kitambo, halafu anauliza, "Kisha ikawaje?" Anarudi nyuma kwenye maji: "Umesema ulikwenda kuchota maji. Nieleze yote kuhusu hapo." Yale maneno matatu ya mwanzo yanakuwa njia, ndoo, dada mkubwa, foleni kisimani. Mtoto amejifunza, bila kuambiwa, kwamba huyu mkubwa anataka habari nzima na atamngoja aimalize.

Hapo ndipo linapoulizwa swali lenyewe, nalo ni jepesi kuliko yote: "Nieleze kilichokuleta hapa leo." Hamtaji mtu, hataji mahali, hataji tendo. Kila kitakachoandikwa lazima kitoke kinywani mwa mtoto. Maswali ya nani, wapi na lini yatakuja baadaye, na yale ya ndiyo au hapana yatasubiri mwisho kabisa, kama yatahitajika. Kimya kikiingia, anakiacha. Mikono yake imetulia magotini. Jibu likitoka hasemi "safi sana", maana mtoto aliyesifiwa kwa jibu moja atatafuta jingine la kumfurahisha msifuji. Uso wake unabaki mwema na hausukumi. Nadhani hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: kusikia jambo la kuumiza na kutoliharakisha.

Mpangilio huu wa mazungumzo haukuanzia Bunda. Ulibuniwa miaka ya 1990 na Michael Lamb na wenzake katika taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza afya ya mtoto, ukajaribiwa katika mahojiano ya kweli Marekani na Israeli, kisha Uingereza na kwingineko. Waligundua kwamba mtoto anayealikwa kusimulia hutoa habari nyingi na za kuaminika zaidi kuliko mtoto anayelengwa kwa maswali. Waligundua pia jambo linalopaswa kuwasumbua wote wanaopenda semina za siku tatu: mafunzo peke yake hayabadilishi kazi. Wahojaji waliendelea vizuri mahojiano yao yalipokuwa yakisomwa na kukosolewa mara kwa mara. Ukosoaji ulipokoma, walirudia mazoea ya zamani.

Hiyo ndiyo sababu ya viti hivi viwili. Mazoezi yakiisha, yule "mtoto" anarudi kuwa mama wa watu na kusema, "Dada, pale kisimani umeniuliza mambo mawili kwa pamoja. Nimejibu la pili, la kwanza likapotea." Afisa anaitikia, anaandika, wanarudia pale tu.

Uandishi nao una adabu yake. Ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula, swali kushoto, jibu kulia, ili mtu mwingine aone kila jibu limezaliwa na swali gani. Maneno ya mtoto hayasafishwi. Akitaja kiungo cha mwili kwa Kijita, neno la Kijita ndilo linaloandikwa, tafsiri pembeni. Jalada lina namba bila jina, na ufunguo wa kabati anao yeye. Kutoka hapo shauri linakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ikitolewa fomu ya polisi ya PF3 mtoto anapelekwa hospitali, na lengo ni kwamba habari ile isisimuliwe upya kwenye kila mlango.

Uzito wa haya unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na takribani nusu yao tu ndio waliomwambia mtu yeyote. 

Upande wa Butiama na Serengeti kazi hiyohiyo ya kuwalinda watoto huchukua sura nyingine. Utafiti wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, ingawa sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Desemba, shule zikifungwa, wasichana hukimbilia nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, huko Kiabakari na Mugumu. Kuwapokea ni hatua ya kwanza tu. Msimu wa ukeketaji ukipita, watumishi wa nyumba hizo pamoja na polisi na ustawi wa jamii hukutana na wazazi, familia moja moja. Wazazi wakikubali, wanatia sahihi ahadi ya kutomkeketa binti, naye anarudi. Wakikataa, anabaki na anaendelea na shule. Hata ramani imekuwa nyenzo: tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya wanaojitolea, wanachora nyumba na njia za vijiji kutoka picha za setilaiti, ili gari la uokoaji lijue usiku linaelekea wapi.

Sahihi ya mzazi haifungi jalada. Afisa ustawi wa jamii hufika nyumbani na kuanza na kivuli cha mti na habari za mtama na mihogo. Huangalia binti analala wapi, anakula na nani, daftari la shule limeandikwa hadi tarehe gani. Hazungumzi na baba peke yake. Humtafuta bibi, kwa kuwa mara nyingi bibi ndiye mwenye kauli kuhusu kukeketwa kwa wasichana. Kisha hutembea na binti hadi kisimani, wawili tu. Ziara iliyo muhimu kuliko zote huwekwa Novemba, mitihani ikiisha na kabla ya shangazi na wajomba kuanza kuwasili, wakati ambapo ahadi ya familia inaweza kutetereka na bado kuna siku za kutosha za kuzungumza.