Madeleine ku mbabula

Darasani tunafundisha kitabu cha Marcel Proust cha 1913: muntu analowesha madeleine katika chai, utoto wake unarudi. Batoto ba Lubumbashi banakariri bila kuonja. Basi tuliipika ku mbabula, makaa juu ya kifuniko. Pahali pa lozi tulitia unga wa kalanga. Pahali pa maua, asali ya miombo. Kusema kweli, kalanga iliifanya nzito. Haikufikia ile ya Commercy. Lakini mwanafunzi mumoja alinusa, akasema: «Hii njo nyumba ya nkambo.» Kosa si la Proust. Ni letu walimu: tunaomba batoto bakumbuke ya wengine, mbele ya kubauliza ya kwabo.