Buku Aliyebaki Mbuyuni

Sisi wa Misungwi tumelelewa na hadithi za Sungura. Jioni, tukisubiri ugali uive, bibi alitusimulia jinsi mnyama huyu mdogo alivyowahadaa Simba na Fisi, nasi tukacheka. Wahubiri wengi humfanya mfano wa mnyonge ambaye Mungu amempa akili badala ya nguvu. Nami nimefundisha hivyo katika shule ya Jumapili. Tafsiri hiyo ina ukweli, ila kuna mtu inamsahau.

Tuichukue hadithi ya Sungura na Simba, mojawapo ya zile alizokusanya Unguja mmisionari wa Kianglikana, Edward Steere, na kuzichapisha London mwaka 1870. Sungura anamwalika Buku, yaani panya buku, wakale asali mbuyuni, akidai ni urithi wa baba yake. Kumbe mwenye asali ni Simba. Simba anapotokea, Sungura anamwomba mwenzake amfunge ndani ya majani makavu na kumtupa chini. Anatupwa, anakimbia. Buku anashuka, analiwa.

Hadithi haimwombolezi. Inamfuata Sungura, ambaye sasa anakwenda kumwalika Kobe kwenye asali ileile. Tena tukumbuke kwamba hapa Simba si mwonevu, ndiye aliyeibiwa.

Mtoto mmoja aliniuliza, "Mchungaji, Buku alikosa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka rafiki niliyemwomba zamani anidhamini mkopo, nikimhakikishia kuwa pamba yangu ingelipa. Mvua hazikunyesha, nami nikaacha kupokea simu zake. Wakachukua mbuzi wake wanne. Nilikuja kuwalipa baada ya miaka miwili, lakini salamu zetu hazijarudi kuwa kama zamani.

Silaumu hadithi za wanyama. Martin Luther mwenyewe, akiwa katika ngome ya Coburg mwaka 1530, alianza kuzitafsiri zile za Aesop kwa Kijerumani. Naye nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya mwana-kondoo (2 Samweli 12). Lakini Nathani hakusifu werevu wa tajiri. Alimwonyesha mfalme maskini aliyenyang'anywa, na kondoo wake wa pekee aliyechinjwa. Daudi akakasirika, ndipo akajua kwamba anasimuliwa habari zake mwenyewe.

Basi tuendelee kuwasimulia watoto wetu habari za Sungura. Yesu alitaka wanafunzi wake wawe na busara ya nyoka, ila pamoja na upole wa hua (Mathayo 10:16). Akili ya kumkwepa mwonevu ni zawadi ya Mungu. Akili hiyohiyo ikimtoa rafiki kafara ni dhambi, hata kama inachekesha. Tukifika kwenye mbuyu ule, tusiharakishe kumfuata anayekimbia. Tuwaulize watoto ni nani amebaki juu, nasi wazazi tujiulize ni nani tuliyemwacha pale. Sungura aliponyoka, lakini sithubutu kusema aliokoka.