Yule “me” si mimi

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno “methinks”, akalipiga mstari kwa chaki nyekundu, akasema: “Hili ni kosa. Ilitakiwa iwe ‘I think’. Lakini Shakespeare ni mshairi, anaruhusiwa.” Tukacheka, tukanakili. Kwa miaka mingi niliamini kwamba bingwa wa Waingereza aliandika Kiingereza cha kuokoteza, kitu kama “mimi anafikiri”.

Siku nilipokutana na kamusi yenye asili za maneno niliona aibu kwa niaba ya darasa zima. Neno lile halina kosa hata moja.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajavamia mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vilivyofanana kama pacha: “þencan”, yaani kufikiri, na “þyncan”, yaani kuonekana. (Hiyo herufi ya kwanza isikutishe, ni th ya “thelathini”.) Cha kwanza kilitaka mtu wa kufikiri. Cha pili hakikumtaka mtu huyo. Kilitaka jambo, na pembeni yake mtu ambaye jambo limemjia. “Me” wa “methinks” ndiye huyo wa pembeni, na maana yake ni “kwangu”. Ile “s” ya mwisho iliyomkera mwalimu wangu haimfuati “me” hata kidogo. Inafuata kiima ambacho hakikutajwa, mwenzake “i-” wa “inaonekana”.

Wajerumani wanao pacha wote wawili hadi leo, “denken” na “dünken”, ingawa huyo wa pili amezeeka na huonekana zaidi vitabuni. Kwa Waingereza matamshi yalisogeleana katika Zama za Kati, mpaka “þencan” akammeza ndugu yake. Aliyemezwa aliacha mabaki mawili tu: “methinks” kwa sasa na “methought” kwa wakati uliopita.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika na haya kama alivyohangaika mwalimu wangu. Sema “yanipasa kuondoka”, kisha uliza: nani anayepasa? Mimi nimo, lakini nimebanwa katikati ya kitenzi kama “-ni-”, na mbele yangu kumekaa “ya-” ambayo huwezi kuinyooshea kidole. Sema “imenibidi”. Sema “inaniwia vigumu”. Hata tunapofika kwenye akili yenyewe, lugha yetu haina haraka ya kumfanya mtu mtenda: somo halijanielea, jina lake limenitoka, usingizi ulinipitia. Najua mwanaisimu atanikumbusha kwamba “somo”, “jina” na “usingizi” hapo ni viima kamili, tofauti na ile “ya-” ya “yanipasa”. Ni kweli. Ninachotaka uone ni kiti alichokalia binadamu. Kote humo amekaa kiti cha mtendewa, na hakuna anayeshangaa.

Waingereza nao zamani walikikalia kiti hicho kila siku. Mfano maarufu ni wa Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliyetunga sentensi ya mfalme na mapeari. Katika Kiingereza cha kale, neno ambalo leo ni “like” lilimaanisha kupendeza. Mpangilio ulikuwa hivi: mfalme kwanza, akiwa na alama ya mtendewa; kisha kitenzi, kikiwa katika wingi kwa sababu ya mapeari; kisha mapeari yenyewe, ambayo ndiyo kiima. Yaani mapeari yalimpendeza mfalme. Karne zikapita, alama za majina zikapukutika, na wingi wa kitenzi ukafutika. Maneno yalibaki mahali pake, yakifuatana vilevile, lakini sasa hapakuwa na kitu cha kumwonyesha msikilizaji nani anampendeza nani. Naye akafanya ambalo kila msikilizaji hufanya, akamchukua aliyetangulia kuwa ndiye kiima. Mfalme akaanza kuyapenda mapeari bila hata kusogea kwenye sentensi.

Kwa nini basi “methinks” lilinusurika? Nionavyo, ni kwa sababu “me” haikuwahi kupoteza sura yake. Jina kama “mfalme” likivuliwa alama halitambuliki ni kiima au shamirisho, lakini “me” na “I” hazikuchanganyika. Halafu “me” na kitenzi chake viligandana vikawa neno moja, na neno lililoganda halisahihishwi kirahisi. Ndiyo maana limekakamaa: halina hali ya kitenzijina, halina wakati ujao, halikanushwi lenyewe. Nafsi nyingine zilififia mapema. Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, bado anazitumia za “yeye”. Kwa Shakespeare ni mabaki. Katika onyesho la mwisho la “Hamlet”, toleo la Folio la 1623 linampa mwana wa mfalme “thinkst thee” anapomgeukia rafiki yake Horatio, huku “thee” ikiwa katika umbo la shamirisho. Ni kama kumwuliza, wewe yakuelekeaje? Toleo la awali la tamthilia hiyohiyo lina umbo tofauti kidogo, na wahariri wamesumbuka nalo. Biblia ya King James ya 1611 nayo inalo umbo refu, “methinketh”, kinywani mwa mlinzi wa Daudi. Yuko juu ya lango, anamwona mtu akija mbio kwa mbali, na kwa ule mwendo anahisi anamtambua. Kwa mtu anayekisia akiwa juu ya ukuta, sioni kitenzi ambacho kingemfaa zaidi.

Hapo ndipo sarufi inapogeuka kuwa sanaa. Mwandishi hodari akiwa na kitenzi kisicho na mtenda, anakipeleka pale ambapo mtu hataki, au hawezi, kuwa mtenda.

Tazama Malkia Gertrude katika “Hamlet”. Anaangalia mchezo ndani ya mchezo, ambamo malkia wa kuigiza anaapa kwamba mumewe akifa hataolewa tena. Gertrude mwenyewe ameolewa na shemeji yake kabla matanga hayajapoa. Mwanawe anamwuliza mchezo anauonaje. Jibu lake limekuwa methali ya Waingereza, nao hulitaja vibaya kwa namna mbili. Hudhani analalamika kwamba yule mwanamke anakanusha mno, wakati kitenzi kile, “protest”, enzi hizo kilimaanisha kuapa. Tena hulitanguliza “methinks”, ilhali katika tamthilia linakuja mwishoni. Mahali hapo pana uzito. Anatoa hukumu kamili kwanza, kisha, akiwa amekwisha kuisema mbele ya mume na mwana, anaiwekea kisetiri: “nionavyo”. Ukilipeleka mwanzoni unapata mtu mwenye tahadhari. Likiwa mwishoni unapata mtu aliyestuka.

Hamlet mwenyewe analitumia baadaye kidogo kumchezea mzee Polonius, mshauri wa mfalme, kuhusu wingu. Wingu linafanana na ngamia, mzee anakubali. Mara ni kicheche, anakubali. Mara ni nyangumi, anakubali. “Methinks” linakuja kwenye kicheche. (Sentensi hiyo ina herufi na nafasi 28, na mwaka 1986 Richard Dawkins aliitumia katika “The Blind Watchmaker” kuonyesha jinsi uteuzi wa hatua kwa hatua unavyoupita ubahatishaji mtupu, kompyuta yake iliifikia kwa vizazi 43.) Kitenzi cha kuonekana kimetumiwa kwa kitu ambacho ni mwonekano tu, mbele ya mtu asiyekuwa na macho yake mwenyewe.

Lakini kwa ufundi mimi ninampa tuzo Macbeth. Ametoka kumwua Mfalme Duncan. Kwanza anamwambia mkewe kwa kitenzi chenye mtenda, “I” iko wazi kabisa, kwamba tendo ameshalitenda. Hajakaa sana anasimulia sauti aliyoisikia ikitangaza kwamba usingizi umeuawa, na hapo anaanza na “methought”. Mkono uliua, na mwenye mkono anatajwa. Sauti ilimjia tu.

Samuel Mushi aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1968, na kila mtafsiri anayepita hapo anakutana na mtego. “Nilidhani nimesikia” haifai, kwa sababu “kudhani” kwetu karibu kila mara hubeba kosa: nilidhani ameondoka, kumbe yupo. Macbeth hajafika kwenye kumbe. “Nilisikia” ni hakika mno. Mimi ningesema “ilinijia kama sauti”, nikiiachia “kama” kazi yote ya shaka na “-ni-” kazi yote ya unyonge. Kiswahili kina hata dawa kali zaidi. Mganga akiulizwa mti ule aliujuaje, hatasema aliota, atasema ameoteshwa. Kauli hiyo imemwondoa kwenye kiti cha mtenda na haikumtaja aliyemweka kwenye kile kingine.

“Methought” ndilo neno la ndoto la Waingereza. Katika “A Midsummer Night's Dream”, Bottom, mfumaji aliyepachikwa kichwa cha punda, anajaribu kusimulia kwa neno hilo zaidi ya mara moja na kila mara anakwama. John Milton, aliyepofuka kabisa kufikia mwaka 1652, aliandika soneti, iliyochapishwa 1673, kuhusu mkewe marehemu aliyemrudia usingizini. Alizika wake wawili, na wataalamu bado wanabishana ni yupi. Soneti inafunguka kwa neno hilohilo: kipofu anaona, na kuona huko hakukutoka kwake. Mke amejifunika uso, anainama kumkumbatia. Mstari wa mwisho una vitenzi vitatu, kila kimoja na mtenda wake: yeye kuamka, mke kutoweka, mchana kumrudishia usiku.