Paycocke's: Nyumba Isiyojua Kunyamaza

Jamani, nyumba! Nimesimama West Street, Coggeshall, kule Essex, Uingereza (kijiji kikubwa au mji mdogo, chagua mwenyewe). Sijaingia ndani na shingo tayari inaniuma kwa kutazama juu.

Paycocke's ilijengwa mnamo 1509 hivi na Thomas Paycocke, tajiri wa vitambaa vya sufu, na haifichi hata senti. Ghorofa ya juu imechomoza mbele ikaning'inia juu ya wapita njia, kisha madirisha yake matano nayo yakachomoza zaidi! Nguzo za mwaloni zimesongamana kuliko ukuta unavyohitaji. Kazi ya kubeba ingetosheka na chache. Zilizobaki ni za kuringia.

Sasa sogea karibu. Chini ya ghorofa hiyo imelala boriti ndefu iliyotiwa nakshi mwanzo mwisho. Majani yanajisokota, vichwa vya watu vinachungulia, mfalme na malkia wamejinyoosha huku wameshikana mikono, na kuna kitoto kimezamisha kichwa ndani ya ua, miguu juu! Nimecheka peke yangu barabarani. Humo humo zimo herufi za jina la mwenye nyumba pamoja na alama yake ya biashara, jani dogo lenye vikonyo viwili. Mtu kaweka tangazo la duka kwenye paji la uso la nyumba yake, na limependeza!

Lango la kupitishia magari ya farasi nalo usilipite haraka. Mbao zake zimechongwa mikunjo ya kitambaa. Mtindo huo ulienea sana zama zile, lakini kwa mfanyabiashara wa vitambaa umekaa mahali pake hasa. Ndani, mikunjo hiyo inakufuata ukutani, na boriti za dari zimechongwa pia.

Anayetaka ukale mtupu atanung'unika: mwanzoni mwa karne ya 20 Noel Buxton, ambaye ukoo wake uliwahi kuimiliki, aliifanyia ukarabati mkubwa, kwa hiyo si kila mti unaouona mbele ni wa Thomas. Mimi sinung'uniki. Mwaka 1924 aliikabidhi kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kuingia.

Ukiwa na saa moja tu Coggeshall, nusu nzima ipe ile boriti: itazame kwanza kutoka ng'ambo ya barabara, halafu uje usimame chini yake.