Pima Chaji Kabla ya Kununua Betri

Canter inayoteremsha tangawizi kutoka Mamba Miamba hutikiswa njia nzima ya milimani, kisha huingia kwenye joto na vumbi la tambarare ya Same. Siku stata inapogoma asubuhi, hukumu hutoka papo hapo: betri imekufa. Mwenye gari hununua mpya, nayo hulala baada ya muda mfupi, kwa sababu mkosaji hakuguswa.

Tufuate umeme unakotoka. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Ikijaa na kutulia husoma 12.6 hivi; ikisoma 12.2, imebaki nusu. Canter nyingi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa mfululizo, kwa hiyo vipimo vya betri na chaji huzidishwa kwa mbili.

Injini ikiwaka, feni belti huzungusha altaneta. Rota iliyo ndani hupokea umeme kidogo kupitia kaboni na kugeuka sumaku. Sumaku hiyo inapozunguka, koili zilizoizingira huzalisha umeme unaobadili mwelekeo kila mara. Betri haiwezi kuupokea hivyo, ndipo dayodi huunyoosha uende upande mmoja. Regyuleta nayo huongeza au kupunguza umeme wa rota ili chaji ibaki kati ya volti 13.8 na 14.5, mwendo wa injini uwe wowote.

Katika magari mengi ya zamani, umeme wa kwanza wa rota hupitia taa ya betri kwenye dashibodi. Ukifungua swichi na taa hiyo isiwake kabisa, hiyo ni dalili ya ubovu: balbu ikiungua, altaneta inaweza isianze kuchaji.

Barabara hizi za Upare hushambulia kila kiungo. Mtikisiko hulegeza vichwa vya betri na kumomonyoa bamba za risasi. Vumbi husaga kaboni. Joto hupunguza maji ya betri na kuharakisha kutu ya bamba.

Kwa hiyo chukua multimita, upime kwa mpangilio. Kwanza betri, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Pili, washa injini: kipimo kisipopanda, kagua feni belti, kaboni na regyuleta. Tatu, washa taa kubwa na feni ya ndani. Chaji ikishuka chini ya 13, altaneta imezidiwa. Mwisho, pima kati ya nguzo ya kutolea umeme ya altaneta na chanya ya betri. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya au kiungo chenye kutu.

Mafundi, acheni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kujaribu altaneta. Volti hupaa ghafla na kuweza kuunguza dayodi na kompyuta ya gari. Multimita ni nafuu kuliko betri moja. Nanyi wenye magari, ombeni namba kabla ya kutoa fedha.